Maji taka yanavyofichua maradhi katika makao ya wazee

MZEE wa miaka themanini na mitano anapopatwa na homa ya mapafu, huenda mwili wake usipate joto hata kidogo. Huenda pia asikohoe. Atakachofanya ni kukataa uji wa asubuhi, kuwaita watu majina yasiyo yao, au kuanguka akielekea msalani, na wanaomtunza watasema huo ni uzee tu. Itakapogunduliwa kwamba alikuwa na virusi, wenzake wanaokula naye meza moja watakuwa wamekwisha kuambukizwa.

Tatizo hilo limewasumbua sana madaktari wanaohudumia makao ya wazee katika nchi nyingi. Ndilo lililowafanya watafiti wa Ulaya, Marekani, Kanada na kwingineko waache kidogo kumkagua mzee mwenyewe na kuanza kukagua bomba linalotoka chooni mwake. Msomaji anayesoma ukurasa huu akinywa chai atatuwia radhi, lakini habari zenyewe zinahusu kinyesi na hakuna njia ya kuzieleza bila kukitaja.

Wazo ni rahisi. Mtu aliyeambukizwa viini vya maradhi, hata kabla hajajihisi mgonjwa, huvitoa mwilini pamoja na haja kubwa, mkojo, mate au makohozi. Vingi kati ya hivyo huishia katika sinki au choo. Maji ya choo hayachagui anayejua kujieleza na asiyejua, wala hayangoji mtu apelekwe hospitali. Ukichukua kiasi kidogo cha maji hayo na kuyapima katika maabara, unaweza kujua kwamba ndani ya jumba hilo kuna mtu aliyeambukizwa, ingawa hutajua ni nani.

Kilichotokea Kirkland

Mwishoni mwa mwezi wa Februari 2020, mgonjwa kutoka makao ya wazee katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, alipimwa na kupatikana na Covid-19. Wakati huo wengi walidhani kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa wasafiri waliotoka Uchina. Kufikia Machi 18, watu 167 waliohusika na makao hayo walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Miongoni mwa wakazi hao, karibu mmoja kati ya kila watatu alifariki.

Wachunguzi wa serikali walipofuatilia jinsi virusi vilivyoenea, walipata kwamba baadhi ya wafanyakazi walikuwa wameendelea kwenda kazini wakiwa na dalili za ugonjwa, na wengine walikuwa wakifanya kazi katika makao zaidi ya moja. Jambo hili halimshangazi yeyote mwenye ndugu au binamu aliye ng'ambo katika kazi hiyo ya kutunza wazee, nao Wakenya walio katika kazi hiyo Marekani na Uingereza ni wengi. Mshahara wa saa si mkubwa, kodi ya nyumba ni kubwa, na mtu huunganisha zamu ya mchana hapa na ya usiku kule. Akikaa nyumbani kwa sababu ya mafua, hakuna malipo.

Katika makao mengine ya eneo lilo hilo, maafisa wa afya waliamua kumpima kila mkazi aliyekubali, awe mgonjwa au mzima. Wazee 48 walipatikana na virusi. Kati yao, 27 hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Wengi wao waliugua siku chache baadaye. Kwa maneno mengine, kama walezi wangewatenga wale tu waliokuwa wakikohoa, wangeacha zaidi ya nusu ya walioambukizwa wakizungukazunguka ukumbini.

Nchini Kanada mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa kiwango. Takwimu zilizotolewa katikati ya mwaka wa 2020 zilionyesha kwamba wakazi wa makao ya wazee walikuwa asilimia 81 ya watu wote waliokuwa wamefariki kutokana na Covid-19 nchini humo. Si ajabu basi kwamba Kanada ni mojawapo ya nchi zilizokimbilia kuchimba karibu na makao hayo ili kuyafikia mabomba.

Mbinu ya zamani

Kuna wanaodhani kwamba kupima maji taka ni uvumbuzi uliokuja na Covid-19. La hasha. Mwaka wa 1939, mji wa Charleston katika jimbo la South Carolina, Marekani, ulipokumbwa na ugonjwa wa polio, wanasayansi John Paul na James Trask wa Chuo Kikuu cha Yale walichota maji ya mabomba ya mji huo, wakayatayarisha na kuwadunga nyani. Nyani waliougua ndio waliothibitisha kwamba virusi vilikuwemo. Siku hizo hakukuwa na njia nyingine.

Hadithi inayonivutia zaidi ni ya Brendan Moore, aliyefanya kazi huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika miaka ya 1940. Eneo lake lilikuwa na ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo, ambao ulikuwa ukizuka na kutulia bila watu kujua ulikotoka. Moore alichukua kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akakikunja kama kifurushi, akakifunga kwa uzi na kukining'iniza ndani ya maji yanayopita katika bomba. Baada ya siku kadhaa alikitoa na kukipeleka maabara. Bakteria zikipatikana, aliendelea kupanda na bomba, shimo moja la ukaguzi hadi lingine, kila mara akichagua tawi lililokuwa na viini, mpaka akafikia nyumba ya mtu aliyekuwa akibeba ugonjwa huo bila kujijua. Kitambaa hicho kingali kinatumiwa hadi leo katika nchi nyingi, nacho kinaitwa kwa jina lake.

Hapa kwetu pia mbinu hii si ngeni. Maafisa wa afya huchukua sampuli kutoka mifereji ya maji taka ya mijini ili kutafuta virusi vya polio, na maabara ya KEMRI jijini Nairobi ndiyo huzipima. Sampuli iliyochukuliwa Machi 21, 2018 katika mtaa wa Eastleigh, Kamukunji, ilipatikana na virusi vya polio vya aina ya pili, vya ule ukoo unaotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika baada ya kuzunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa. Vilikuwa na uhusiano na virusi vilivyokuwa vimepatikana katika maji taka ya Mogadishu. Hakuna mtoto Nairobi aliyekuwa amepooza. Hata hivyo watoto walitafutwa na kuchanjwa, kwa sababu bomba lilikuwa limesema.

Jijini London, mwaka wa 2022, bomba lilisema vivyo hivyo. Virusi vya polio vilipatikana mara kwa mara katika maji yanayofika kwenye mitambo ya Beckton, na watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka tisa wakaitwa kupata chanjo ya ziada.

Safari kutoka chooni hadi maabara

Kwa mji mzima, kazi huwa rahisi kiasi. Maji yote hukusanyika mahali pamoja, kama vile hapa Nairobi sehemu kubwa yanavyoelekea Ruai, na mashine huchota kidogo kidogo kwa saa 24 ili kupata mchanganyiko unaowakilisha siku nzima. Uholanzi ilifanya hivyo mapema sana. Katika mji wa Amersfoort, alama za virusi vya Covid-19 zilipatikana katika maji taka yaliyochukuliwa Machi 5, 2020, siku sita kabla ya wagonjwa wa kwanza wa mji huo kuripotiwa.

Kwa jumba moja mambo ni tofauti. Maji hayatiririki mfululizo. Huja kwa vishindo: alfajiri watu wanapoamka, baada ya chakula, na jioni. Kati ya nyakati hizo bomba huwa karibu kavu. Ukifika saa nne na chupa yako, unaweza kuchota maji ya kufulia nguo peke yake na ukaenda zako ukidhani kwamba wote ni wazima. Ndiyo maana katika majumba madogo watafiti wengi wamerudia wazo la Moore, la kuacha kitu kinachofyonza kikining'inia ndani ya bomba kwa siku nzima. Wengine hutumia shashi, wengine pamba zinazouzwa kwa matumizi ya wanawake wakati wa hedhi. Nchini Australia, watafiti walitengeneza kifaa kidogo cha plastiki chenye umbo la torpedo kinachopita bila kunaswa na karatasi za choo.

Sampuli ikifika maabara, kwanza huondolewa takataka na mchanga, kisha hukolezwa, kwa kuwa virusi vimetapakaa katika maji mengi. Halafu vinasaba vyake hutafutwa kwa mbinu iitwayo PCR, ile ile iliyompatia Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. Mbinu hii hutafuta kipande kidogo cha maandishi ya urithi ya virusi na kukizidisha mara mamilioni hadi kionekane. Haithibitishi kwamba virusi vingali hai. Mara nyingi vinavyopatikana katika maji taka ni mabaki tu, na kwa Covid-19 wataalamu hawajapata ushahidi thabiti kwamba maji hayo huambukiza watu. Kinachotafutwa ni alama ya kwamba mgonjwa yupo.

Hapa kuna jambo dogo ambalo huwafurahisha wanaolisikia mara ya kwanza. Mtu akioga kwa maji mengi, au mvua ikiingia katika bomba, virusi huzimuliwa na kuonekana kama vimepungua. Ili kujua ni kiasi gani cha kinyesi cha binadamu kilichomo katika sampuli, maabara hupima pia virusi vya mmea wa pilipili. Virusi hivi huishambulia pilipili na hoho shambani, havimdhuru mtu, na hupita tumboni mwa kila anayekula pilipili, mchuzi wa chupa au vyakula vya kopo vyenye viungo. Vimo kwa wingi katika kinyesi cha watu karibu kote duniani. Vikiwa vichache katika sampuli, mpimaji hujua kwamba alichota maji matupu.

Je, mbinu inafanya kazi?

Mfano unaotajwa mara nyingi si wa wazee bali wa vijana. Mwezi wa Agosti 2020, Chuo Kikuu cha Arizona kilipata virusi vya Covid-19 katika maji yanayotoka bweni moja. Watu wote 311 walioishi na kufanya kazi humo walipimwa, na wawili wakapatikana na virusi. Wote wawili hawakuwa na dalili. Walitengwa kabla ya ugonjwa kusambaa.

Matokeo kama hayo ndiyo yaliyowapa watafiti moyo wa kujaribu mbinu hiyo katika makao ya wazee, miongoni mwao wale wa Valencia nchini Hispania, Edmonton nchini Kanada na jimbo la Kentucky nchini Marekani. Kwa jumla imeonekana kwamba maji taka yanaweza kutoa onyo siku kadhaa kabla ya mkurupuko kujulikana, lakini pia kwamba mzee wa miaka tisini si mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, na bomba lake halisomeki kwa wepesi uo huo.

Sababu ya kwanza ni nepi. Katika makao ya wazee, watu wengi hawajiwezi tena kwenda chooni. Kinyesi chao huingia katika nepi na nepi hutupwa na takataka. Wengine hutumia bakuli la kitandani, na wengine wana mipira ya mkojo. Kwa hivyo yule mgonjwa dhaifu kuliko wote, ambaye virusi vikimpata vitamuua, ndiye asiyeonekana kabisa katika bomba. Anayeonekana ni mzee mwenye nguvu bado, pamoja na mpishi, mlezi na mgeni waliotumia choo cha wafanyakazi.

Kuna anayeona kwamba sababu hiyo pekee inatosha kuitupa mbinu yenyewe. Mimi sikubaliani. Virusi haviingii katika makao ya wazee kupitia kwa ajuza aliyelala kitandani miezi sita. Vinaingizwa na wanaotembea: wafanyakazi, wageni, na wazee wanaotoka kwenda hospitali na kurudi. Hao ndio hasa wanaotumia choo. Bomba basi huweza kumwona mleta ugonjwa ingawa halimwoni mwathiriwa.

Sababu ya pili ni idadi ndogo ya watu. Katika makao yenye wakazi 40, mmoja akiambukizwa na mwili wake usitoe virusi kwa kinyesi, hakuna kitakachoonekana. Na hili hutokea. Kwa Covid-19, uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha kwamba ni karibu nusu tu ya wagonjwa waliokuwa na alama za virusi katika kinyesi juma la kwanza. Uchunguzi uo huo ulionyesha kero ya upande wa pili: karibu wagonjwa 4 kati ya kila 100 walikuwa wangali wakitoa alama hizo miezi saba baadaye. Mzee mmoja wa aina hiyo akihamia katika makao, bomba litapiga kelele kila wiki wakati hakuna mgonjwa, na baada ya mwezi mmoja hakuna atakayelisikiliza.

Kisha kuna dawa za kusafishia. Makao mazuri husafishwa kwa klorini kila siku, na klorini hiyo huharibu kile kinachotafutwa. Kwa hivyo wanaochukua sampuli hulazimika kujua ratiba ya mfagiaji.

Bomba likishasema

Onyo lisilofuatwa na hatua halina faida. Maji yakionyesha virusi, kinachofuata ni kuwapima watu wenyewe, wafanyakazi wakiwa wa kwanza, kuvaa barakoa, kufungua madirisha na kuhakikisha kwamba mlezi wa ghorofa hii hahudumu katika ghorofa ile. Lakini faida kubwa kwa mzee imo katika dawa, na dawa hizi zina saa. Ile ya homa ya mafua iitwayo oseltamiviri hufanya kazi vizuri ikianzwa katika saa 48 za kwanza za ugonjwa, na katika makao ya wazee yenye mkurupuko hutolewa hata kwa wasiougua ili kuwakinga. Vidonge vya Covid-19 vinavyouzwa kwa jina Paxlovid sharti vianzwe katika siku tano za kwanza. Mzee ambaye ugonjwa wake umejificha kwa siku nne nyuma ya kuchanganyikiwa na kukosa hamu ya chakula karibu amepitwa na wakati. Ikiwa bomba lilionya Jumatatu, mlezi atakayemwona akikataa uji Jumatano hatasema ni uzee.

Kuna hatua moja ambayo ni rahisi kuchukua kupita kiasi, nayo ni kufunga mlango. Mwaka wa 2020 wazee katika nchi nyingi walikaa miezi bila kuwaona watoto wao, na wengine walifariki wakiaga familia kupitia kioo cha dirisha au simu. Upweke nao hudhoofisha mwili. Ikiwa kila alama katika maji taka itakuwa sababu ya kufuta ziara za Jumapili, wazee wenyewe wataichukia mbinu hii, nao watakuwa na haki.

Si Covid-19 pekee inayotafutwa siku hizi. Virusi vya homa ya mafua vinaonekana katika maji taka, na vile vile RSV, ambavyo watu huvijua kama maradhi ya watoto wachanga ilhali huwalaza hospitalini wazee wengi. Maabara za jimbo la Nevada, Marekani, zimepata katika maji taka ukungu uitwao Candida auris, uliotambuliwa kwanza Japani mwaka wa 2009 katika sikio la mgonjwa, na ambao unashinda dawa nyingi. Ukungu huo hukaa juu ya ngozi, vitanda na vifaa, hupenda hospitali na makao ya wazee, na umeripotiwa pia katika hospitali hapa Nairobi.

Kisha kuna norovirusi, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyofaa zaidi kufuatiliwa kwa njia hii. Vilipata jina kutokana na mji wa Norwalk, Ohio, ambako wanafunzi wa shule waliugua mwaka wa 1968. Huleta kutapika na kuhara kwa ghafla, saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Kijana hupona kwa siku mbili. Mzee aliyeishiwa maji mwilini huenda asipone. Gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa huweza kuwa na mabilioni ya virusi hivi, kwa hivyo bomba huviona bila taabu, na vinatosha vichache sana kumwambukiza mtu mwingine.

Nani asome siri ya choo?

Mwenye kutetea mbinu hii husema kwamba haimtaji mtu jina. Ni kweli kwa mji wa watu laki moja. Katika nyumba yenye wazee ishirini, hebu tuwe wakweli: maji yakipatikana na virusi siku mbili baada ya mlezi mpya kuanza kazi, kila mtu jikoni atajua anayenyooshewa kidole. Na maji yale yale yanaweza kupimwa mambo mengine, kwa mfano dawa za kulevya au dawa za Ukimwi. Moore alifuata bomba hadi mlangoni kwa mtu na hakuna aliyemuuliza ruhusa. Leo ni lazima waulizwe: wakazi wanaojielewa, jamaa za wasiojielewa, na wafanyakazi. Iandikwe kinachotafutwa na atakayepewa majibu. Mlezi akihofu kwamba kipimo cha bomba kitamfuta kazi, atatumia choo cha kituo cha mafuta kilicho jirani, na hapo hakuna tena kipimo.

Hali ya hapa Kenya

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi mno wanaishi nyumbani kwao au kwa watoto wao, si katika makao. Hata hivyo makao yapo. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee huko Kasarani, inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor, na Mji wa Huruma huko Runda, ulio chini ya kaunti. Mengine ya kibinafsi yamekuwa yakifunguliwa pembezoni mwa miji, kwa kuwa watoto wako kazini au ng'ambo. Wengi wetu tungali tunaona aibu kusema kwamba mama yuko huko.

Kabla ya kukimbilia mashine, sharti tuulize maji yanaenda wapi. Sensa iyo hiyo ilionyesha kwamba ni takriban nyumba moja tu kati ya kila kumi nchini iliyounganishwa na mabomba makuu ya maji taka. Nyingi hutumia vyoo vya shimo, na katika mitaa mingi ya wenye uwezo maji huingia katika tangi lililozikwa uani. Tangi hilo huhifadhi uchafu wa miezi na hata miaka. Ukilipima utapata habari za mafua ya mwaka jana. Kwa makao yenye tangi, sampuli ingelazimika kuchukuliwa kutoka bomba linaloingia, kabla maji hayajachanganyika, jambo linalowezekana kwa kitambaa cha Moore na uzi.

Gharama ya kitambaa ni ndogo. Ghali ni dawa za maabara, mtu wa kuzitumia, na pikipiki ya kufikisha sampuli ikiwa baridi siku iyo hiyo. Lakini kupima bomba moja kwa ajili ya wazee 60 ni nafuu kuliko kuwachoma pua wazee 60 kila juma, na wao hawatalalamika. Maabara zenye ujuzi tunazo, kwa kuwa kazi ya polio imefanywa hapa kwa miaka mingi. Kinachoonekana kuwa cha busara kwa sasa si kutega kila nyumba ya wazee, bali kutumia sampuli za mitaa zinazochukuliwa tayari, zipimwe pia homa ya mafua na Covid-19, kisha makao yote ya mtaa huo yaarifiwe kwa simu viwango vinapopanda. Mwenye makao akipata habari hiyo atajua wakati wa kuongeza barakoa na kumwomba mgeni mwenye mafua arudi wiki ijayo.

Kwa anayemtunza mzee nyumbani, hakuna bomba la kupima wala haja yake. Kuna macho. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana, kuanguka, usingizi wa mchana kutwa, kukataa chakula na kupumua kwa haraka ni sababu za kumwona daktari siku iyo hiyo, hata kama mwili hauna joto. Chanjo ya homa ya mafua hupunguza hatari, na daktari anaweza kueleza ipatikanapo.

Nepi na bakuli la kitandani vishikwe kwa glavu, na nepi ifungwe ndani ya mfuko kabla ya kutupwa. Mzee akihara na kutapika, usitegemee ile dawa ya mikono yenye kileo, kwa sababu norovirusi huistahimili. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sehemu zilizochafuka zipanguswe kwa klorini kama ile ya Jik iliyochanganywa na maji kama chupa inavyoeleza. Endelea hivyo kwa wiki mbili hata baada ya kuhara kukoma, kwa maana aliyepona huendelea kutoa virusi kwa siku nyingi akiwa ameketi sebuleni na wajukuu.